Kilio Kilichopita Kipimo

1

Itangazwe kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye vyeo na wanaovitafuta, kwamba siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote katika milima ya Rungwe aliketi ndani ya maabara yake na kuanza jaribio ambalo lingebadilisha historia ya magereza duniani.

Maabara ilikuwa banda la kuku. Kuku walikuwemo na hawakufurahishwa.

Mwanasayansi mwenyewe aliitwa Tusajigwe Mwalupembe, umri miaka kumi na sita, kidato cha nne, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya wiki nne kutoka shule ya bweni. Mapajani alikuwa na chombo alichokiunda kwenye klabu ya sayansi na kukipa jina la Kasuku. Kilikuwa kijiboksi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kilikuwa na uwezo wa kunasa sauti yoyote, kuichambua, kisha kuirudisha ikitokea kona yoyote ya chumba utakayoichagua. Shuleni Kasuku alishatumika katika tafiti nzito. Aliufanya mlango wa jiko ukohoe kila matroni alipopita, na siku ya mahafali alimfanya kiranja mkuu asikie nyuki ndani ya hotuba yake mwenyewe. Kwa mchango huo Tusajigwe alitunukiwa fyekeo na siku nne za kufyeka nyasi nyuma ya bweni.

Sasa alikuwa na kazi kubwa zaidi. Alitaka kumtoa baba yake gerezani.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa ukutani sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kilikuwa cheusi, kinene kama andazi, na kiliitwa Shuhuda. Kila nyumba yenye mfungwa ilikuwa na Shuhuda wake. Hakusikiliza maneno, maana sheria ilimkataza. Alisikiliza mengine yote: pumzi, uzito wa hatua, sufuria zinavyotuliwa, kicheko, kilio, na muda ambao mtu hukaa kimya bila kulala. Kila Ijumaa aliyajumlisha hayo na kutoa namba moja, kati ya sifuri na mia, iliyoitwa alama ya nyumba.

Mpango huo ulizaliwa na huruma. Watafiti wa zamani waligundua kwamba ukimfunga mtu mmoja umewafunga na wa nyumbani kwake, na wao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Basi ikaamuliwa nyumba nazo zipimwe. Nyumba ikiumia mno, alama ikakaa chini ya arobaini wiki tatu mfululizo, mfungwa hurudishwa kumalizia kifungo chake kwake, na pete mguuni, bila ruhusa ya kuvuka ua. Nyumba ikiwa salama, anabaki alipo. Kwa hiyo waliojikaza walimkosa mtu wao, na waliozimia walimpata. Mama Lugano wa nyumba ya bondeni alilielewa hilo wiki ya kwanza. Alijizoeza kuvuta pumzi kama mtu anayebeba kinu, akapigiza mifuniko asubuhi na jioni, na mumewe akarudi baada ya miezi minne. Aliwahi kupanda mlima kuja kumfundisha mama yake Tusajigwe. Mama alimshukuru, akampa mkungu wa ndizi, akamwambia kwamba yeye hawezi kuulilia ukuta.

Alama ya nyumba ya kina Mwalupembe ilikuwa themanini na moja. Ingekuwa ya hisabati, Tusajigwe angeibandika ukutani.

2

Baba yake, Anyosisye, alikuwa mtu wa mzaha, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Alikuwa mwangalizi kwenye malori ya chai yanayojiendesha, kazi ambayo sharti lake kuu ni kukaa ndani na kutogusa kitu. Siku moja, ili kuwachekesha wenzake, alizima akili ya lori kwenye mteremko, akashika usukani kuwaonyesha jinsi babu zao walivyoendesha. Walicheka kona ya kwanza. Walicheka kona ya pili. Kwenye kona ya tatu alikuwepo mtu anauza parachichi, na leo mtu yule anatembea na mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa kupewa. Anyosisye alipata miaka sita. Miwili ilikuwa imepita.

Watu walipenda kumwambia Tusajigwe kwamba anacheka kama baba yake. Zamani walikuwa wanamsifu. Siku hizi walisema hivyo kisha wakanyamaza.

Mama yake, Atuganile, alirudi nyumbani kila siku saa kumi na nusu, kwa sababu saa tisa alipotoka kiwandani alipitia mazoezi ya kwaya. Hakuwahi kuwa na kwaya wakati mume alipokuwepo. Zamani sebule ilijaa wageni wa baba, wakila, wakicheka, wakiomba chai nyingine, na Mama ndiye aliyekuwa hiyo chai nyingine. Baba hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alimfurahia mno, na kumfurahia huko kulimchosha. Sasa alilala kwa saa nane kila usiku, na mashavu yamejaa.

Jioni moja, wakimenya ndizi, Tusajigwe alimuuliza kama angependa Baba arudi.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kisu. "Baba yako nampenda," alisema. "Na usingizi nao nimeupenda. Usinichaguze leo, nina mboga jikoni."

Njiani kikasikika kikohozi cha babu, Mzee Mwalupembe, baba yake Baba, akija kwa fimbo yake kutoka ng'ambo ya migomba. Kabla hajafika uani Mama alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma, kama siku zote, akaacha kisu juu ya maganda. Tusajigwe alimkaribisha babu, akamwamkia, akammiminia chai. Wala hakuwaza lolote juu ya mlango wa nyuma. Kasuku alikuwa mfukoni, akinasa kikohozi.

3

Mwongozo wa Mtafiti, kitabu cha kanuni za Shuhuda, una kurasa mia mbili na kumi na mbili, na Tusajigwe alizisoma zote, jambo ambalo hakuwahi kukifanyia kitabu cha biolojia. Aligundua kwamba mambo mawili huishusha alama kuliko yote. La kwanza ni kilio cha kweli cha mkazi. La pili ni mivutano na wakwe. Mkazi, kwa mujibu wa ukurasa wa tisa, ni mtu anayelala ndani ya nyumba siku zisizopungua mia mbili kwa mwaka. Katika nyumba yao mkazi alikuwa mmoja tu, Mama. Mtoto wa bweni hakuhesabiwa. Tusajigwe aliona jambo hilo ni zuri sana kwa usalama wa operesheni, akaendelea na ukurasa wa kumi.

Mivutano na wakwe ilikuwa rahisi. Alikuwa na hatua za Mama, alikuwa na pumzi za Mama, alikuwa na fimbo na kikohozi cha babu. Aliwachanganya kama mtu anayepika makande. Kila siku saa tisa, Mama akiwa kwenye kwaya na babu akiwa amelala kwake, Kasuku aliwaketisha wote wawili kwenye kochi moja la sebuleni, akawaacha wahemeane kwa chuki saa nzima.

Kilio ndicho kilichomtoa jasho. Shuhuda alijua maigizo. Ukimlilia uongo, taa yake ndogo iligeuka njano, na sauti hiyo ikatupwa. Tusajigwe alikata vitunguu vinne na kulia mbele ya Kasuku: njano. Alimpigia rafiki yake Nsubili, nyota wa klabu ya maigizo, ambaye aliomboleza kwa dakika saba kwa ufundi mkubwa hadi mama yake mzazi akaja kuuliza nani kafa: njano. Inasemekana kilio cha kweli huanzia chini ya mbavu, na pumzi hukatika mahali ambapo mwigizaji hawezi kupapanga.

Ndipo akakumbuka. Ndani ya Kasuku kulikuwa na faili moja la muhula uliopita, lililonaswa kwa bahati tu siku ya wazazi, Kasuku alipoachwa wazi ndani ya chumba cha matranki. Ni chumba cha masanduku ya bati ya wanafunzi, chini ya ngazi, kinanuka sabuni na karanga, na mtu akifunga mlango hakuna anayemsikia. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, jina lake halituhusu, alikuwa ameingia humo kulia kwa kuwakumbuka watu wa kwao. Watoto wa kidato cha kwanza hufanya hivyo. Ni kitu cha kawaida, kama upele.

Yeye mwenyewe alilipiga faili hilo mara moja tu, kwa sauti ya chini, akiwa ametazama dirishani.

Taa ilibaki kijani.

Kuanzia hapo alimwachia Kasuku alirudie kila siku, naye akatoka nje. Ijumaa ya kwanza alama ilikuwa thelathini na nane. Ya pili thelathini na nne. Ya tatu thelathini na moja. Katika historia ya taaluma hakuna mwanafunzi aliyewahi kushangilia hivyo kwa kuanguka. Alienda bandani akawahutubia kuku kuhusu mchango wake kwa taifa.

4

Barua ilifika Jumatatu kwenye simu ya Mama. Ilisema kwa heshima kubwa kwamba Taasisi ya Ustawi wa Familia za Wafungwa imeguswa na hali yake, kwamba analia wastani wa dakika arobaini kwa siku, na kwamba mume wake atarudishwa Jumapili, mtafiti akishafika kuthibitisha.

Mama aliisoma mara tatu. Tusajigwe alikuwa amejiandaa kwa lolote: kwa furaha, kwa hasira, hata kwa kukamatwa. Hakuwa amejiandaa kwa kile alichokiona. Mama alimwamini Shuhuda.

"Dakika arobaini," alisema polepole. "Labda nalia nikiwa nimelala. Labda ni ile njia ya kwaya, nalia bila kujua. Mwanangu, umewahi kunisikia?"

Hapo lilikuwepo jibu fupi la herufi sita, na Tusajigwe hakulitoa. Alisema hajui.

Siku iliyofuata Mama hakwenda kwaya. Alikaa sebuleni akijisikiliza, kiganja kifuani, kama fundi anayesikiliza injini. Asubuhi ya Jumatano alikiri kwamba hakulala kabisa. Alikuwa macho akisubiri kujisikia analia. Macho yalikuwa mekundu. Shuhuda alirekodi yote hayo, na safari hii hakuna aliyemchezea.

Siku hiyo Baba naye alipiga simu kutoka gerezani, kwa dakika zake tano za wiki. Alianza kwa mzaha, akaagiza kuku wajipange kwa paredi ya kumpokea. Kisha akauacha mzaha, na Baba hakuwa mtu wa kuuacha mzaha.

"Tusa, mama yako analia hivyo kweli?" aliuliza. "Sikujua. Nilidhani amenizoea huku. Nisamehe, sikujua."

Tusajigwe alicheka kile kicheko chao cha pamoja na kumwambia asijali, kila kitu kimepangwa. Alikata simu. Kwa mara ya kwanza alifikiria wale waliokuwa ndani ya lori. Walikuwa wanacheka. Kona ya pili bado walikuwa wanacheka.

Lakini hakusimamisha mpango. Baba alikuwa amebakiza siku nne kufika, na mtu akishaona mguu wa baba yake mlangoni hawezi kuufunga mlango kirahisi.

5

Mtafiti wa wilaya, Bwana Ambakisye, alikuja Alhamisi kwa miguu, kwenye mvua, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa mtu mfupi mwenye kishikwambi kilichopasuka kona, na aliweka vijiko vinne vya sukari kwenye chai bila aibu. Tusajigwe alimpima akaona ni mwepesi. Alimwamkia shikamoo yenye unyenyekevu wa kutosha watu watatu, akaketi pembeni na uso wa msiba.

Mtafiti alimuuliza Mama maswali ya dodoso. Analala? Mama alisema hajui tena. Anakula? Kidogo. Mume akirudi nyumba itapona? Mama alitazama ukutani, akasema kwamba mashine inaonekana kumjua kuliko anavyojijua, basi waiulize hiyo.

Bwana Ambakisye hakuandika. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

Wakati huo huo kikohozi kikasikika uani, na fimbo ikagonga jiwe. Mama aliinuka kama aliyeitwa na moto. Alipita jikoni, mwiko bado mkononi, mlango wa nyuma ukajibamiza, na kupitia dirisha wakamwona akikimbilia migombani kwenye mvua, kitenge juu ya kichwa. Babu aliingia, akasalimia, akauliza kama kuna tumbaku. Hapakuwa na tumbaku. Akaketi dakika chache kungoja mvua, akachoka kungoja, akaenda zake.

Mtafiti alikuwa bado anautazama mlango wa nyuma.

"Mama yako ameolewa hapa miaka mingapi?"

"Kumi na minane, Bwana."

"Katika miaka hiyo amewahi kuuona uso wa babu yako?"

 Tusajigwe aliona mbele yake, moja baada ya nyingine, kila siku ya maisha yake: Mama akipita njia ya nyuma, Mama akigeukia ukuta sokoni, Mama akituma mtoto na bakuli la babu. Mkwe na baba mkwe hawaonani, hawaketi pamoja, hawatajani majina. Ni heshima, na hata malori kuanza kujiendesha hakukuiondoa. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini miaka minne ya bweni alikuwa ameishi kwa kengele, na kitu ambacho hukioni kwa miezi tisa ya mwaka hufutika akilini mwako hadi unakipangia ratiba ya uongo.

Bwana Ambakisye aligeuza kishikwambi. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa buluu na mmoja wa kijivu, imelala pamoja kama watu waliozoeana.

"Huyu ni mama yako. Huyu ni babu yako. Siku ishirini na moja, saa tisa hadi saa kumi, kochi hili nililokalia. Mashine imepitisha. Walioitengeneza hawajaoa huku." Alikunywa chai. "Mimi nimeoa huku."

Tusajigwe alijikusanya. Bado alikuwa na imani na kipaji chake. Alieleza kwa utulivu kwamba huzuni hubadilisha watu, kwamba hata mila hulegea nyumba ikipata pigo, na alimaliza na sentensi yenye neno saikolojia. Ilikuwa hotuba nzuri. Mtafiti aliisikiliza hadi mwisho.

"Binti, sikiliza," alisema. "Nina njia mbili. Nikisaini, baba yako Jumapili yuko hapa, na hakuna mtu Dar es Salaam atakayeuliza habari za kochi. Aliyefanya haya akinieleza mwenyewe, nafuta wiki tatu na hakuna anayeadhibiwa. Kipengele hicho kipo, ukurasa wa mia mbili na nne. Sikuulizi juu ya babu. Hilo nalijua. Nakuuliza kitu kimoja tu." Aligusa mstari wa tatu, mwembamba, uliokuwa unatetemeka chini ya ile miwili. "Hiki kilio ni cha kweli. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, sijaona cha kweli hivi. Si cha mama yako. Ni cha nani?"

Tusajigwe alimweleza habari ya mtoto wa kidato cha kwanza, chumba cha matranki, na kuwakumbuka watu wa kwao. Aliieleza vizuri, na upele akautia.

"Kidato cha kwanza wana miaka mingapi siku hizi?"

"Kumi na mitatu."

"Mashine haijui majina," alisema Bwana Ambakisye, "ila inajua ukubwa wa pafu. Hili ni la miaka kumi na sita."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Tusajigwe alitazama Shuhuda, Shuhuda akamtazama kwa taa yake ya kijani. Siku ya wazazi, mbele ya baba za watu wote, aliigiza mchezo wa dakika kumi uliowavunja mbavu. Walimpigia makofi wamesimama. Halafu kila baba akamchukua mtoto wake kwenda kula chini ya turubai.

Sasa niseme tu. Hapo nyuma nilisema ni mtoto wa kidato cha kwanza, na jina lake halituhusu. Nilidanganya. Tangu mwanzo nimekuwa nikimtaja huyu Tusajigwe kama mtu wa mbali ninayemchungulia dirishani, mwanasayansi, na kuku wake, na hotuba zake, kwa sababu ukisimulia habari za mtu mwingine unaweza kucheka popote. Kwenye chumba cha matranki nilikuwa peke yangu. Nilimwacha Kasuku wazi makusudi, ili nikisikia baadaye niweze kujicheka. Sikuweza.

"Ni changu," nilimwambia Bwana Ambakisye. "Nyumba hii haina shida. Mama analala vizuri kabisa, ni mimi niliyemharibia. Futa zote."

Alifuta. Kisha akauliza nyumba hii ina wakazi wangapi, nikamjibu mmoja, ukurasa wa tisa. Akasema hakuniuliza mwongozo unasemaje.

Sikumsubiri amalize. Nilitoka kwa mlango wa nyuma bila kitenge. Mama alikuwa amesimama chini ya jani la mgomba, mwiko mkononi, anatetemeka kwa baridi, akanyoosha shingo kuuliza kama babu ameshaondoka.

"Ameondoka, Mama," nikasema. "Na hujawahi kulia usingizini. Aliyekuwa analia ni mimi."